Dereva mmoja, leseni moja, rekodi moja

Leo tunaweka kando habari za simu na programu mpya, tunaingia barabarani. Nataka tuzungumze kuhusu leseni ya kuendesha malori makubwa kule Marekani, ile ambayo Wakenya wenzetu walio huko huiita CDL. Tafadhali usifunge ukurasa kwanza! Nimesoma habari zake kwa miezi kadhaa sasa, na naona ni mojawapo ya hadithi nzuri zaidi za hifadhidata nilizowahi kukutana nazo. Ndani yake kuna watu waliokufa kwa sababu rekodi ilikwama njiani, na wengine waliokufa kwa sababu rekodi ilifika vizuri kabisa, ila ilikuwa ya uongo.

Kilichonivuta ni binamu yangu anayeishi Minnesota. Alichoka na kazi ya kutunza wazee usiku, akaamua kusomea lori. Alipokwenda kuomba leseni alitakiwa ataje kila jimbo alilowahi kuwa na leseni kwa miaka 10 iliyopita. Akataja Texas. Dakika chache baadaye karani akawa anamsomea faini yake ya mwendo wa kasi ya Texas, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisahau. Alinipigia simu akicheka, lakini mimi nikabaki na swali la kikazi: Texas na Minnesota ni serikali mbili, zenye kompyuta mbili na sheria mbili. Nani alizifundisha kuongea?

Tuanze nyuma kidogo. Marekani haina leseni ya taifa. Leseni hutolewa na jimbo, na imekuwa hivyo tangu Massachusetts na Missouri zilipoanza kudai leseni mwaka 1903. Majimbo 50 pamoja na jiji la Washington, kila moja lina ofisi yake, mafaili yake na namna yake ya kuhesabu makosa. Kwa mtu anayekwenda dukani na gari dogo hilo si tatizo kubwa. Kwa dereva wa lori ambaye Jumatatu yuko Ohio na Alhamisi yuko Arizona, huo ni mlango ulioachwa wazi.

Na madereva waliuingia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa kawaida kwa dereva wa masafa marefu kuwa na leseni mbili, tatu au zaidi, kila moja ya jimbo lake. Akikamatwa anatoa ile iliyo safi. Makosa yake yanagawanyika, moja huku, moja kule, na hakuna jimbo hata moja linaloona jumla. Leseni moja ikifungiwa anatoa nyingine na kuendelea na safari. Kwa lugha yetu ya kazi, hizi zilikuwa hifadhidata 51 zisizo na ufunguo wa pamoja, na mtumiaji mmoja ana akaunti katika nyingi kadiri apendavyo. Wewe unayeandika programu unajua jinsi hali hiyo inavyoisha.

Kulikuwa na jambo jingine la kushangaza zaidi. Katika majimbo kadhaa, ukiwa na leseni ya gari dogo uliruhusiwa kisheria kuendesha lori lenye trela, au basi la abiria. Leseni ileile! Hata katika majimbo yaliyokuwa na madaraja, mengi hayakumpima dereva ndani ya gari la aina atakayoendesha. Unafanya mtihani kwa gari dogo, unapewa ruhusa ya trela. Lori lililojaa huko linaruhusiwa kufikia pauni 80,000 kwenye barabara kuu, yaani zaidi ya tani 36. Sisi tunaopishana na malori pale Salgaa hatuhitaji kuchorewa picha.

Serikali kuu ilikuwa imejaribu mapema. Mwaka 1960 ilianzishwa sajili ya taifa ya madereva, ambayo majimbo yalipeleka majina ya waliofungiwa leseni kwa makosa mazito kama ulevi. Wazo zuri, lakini majibu yalitembea kwa posta. Jimbo linauliza, linasubiri, na wakati jibu linafika mtu ameshapewa leseni na yuko barabarani. Mwaka 1982 Bunge la Congress likaamuru sajili hiyo ibadilishwe muundo: kituo kikuu kisihifadhi tena mafaili ya watu, kihifadhi kielekezi tu, yaani taarifa fupi inayosema "habari za mtu huyu ziko jimbo fulani, waulize wao". Shikilia wazo hilo la kielekezi, tutalirudia sasa hivi.

Katikati ya hayo biashara yenyewe ilikuwa imebadilika. Tarehe 1 Julai 1980 Rais Carter alitia saini sheria iliyolegeza udhibiti wa usafirishaji wa mizigo. Makampuni mapya yakamiminika, bei za kubeba mizigo zikashuka, na madereva wakahitajika haraka. Kwa mnunuzi wa bidhaa ilikuwa neema. Lakini mfumo wa leseni ulikuwa bado ule wa kijiji.

Ndipo ikaja sheria ya usalama wa magari ya biashara ya mwaka 1986. Rais Reagan aliitia saini tarehe 27 Oktoba, ikiwa imefungwa ndani ya sheria kubwa zaidi ya kupambana na dawa za kulevya. Mambo yake makuu ni rahisi kueleza. Kwanza, kuanzia tarehe 1 Julai 1987 ikawa ni kosa kwa dereva wa magari ya biashara kuwa na leseni zaidi ya moja. Pili, majimbo yaendelee kutoa leseni, lakini kwa mitihani inayofikia viwango vya serikali kuu, na dereva apimwe katika gari la aina atakayoendesha. Tatu, majimbo yaunganishwe kwa mfumo mmoja wa habari. Jimbo litakalokataa litapunguziwa fedha za barabara kutoka Washington, na hapo ukaidi uliyeyuka. Mwisho wa muda wa madereva wote kuwa na leseni mpya uliwekwa tarehe 1 Aprili 1992. Ndiyo, Siku ya Wajinga. Sijui kama kuna aliyecheka.

Sasa tuje kwenye sehemu niliyoipenda. Mfumo wenyewe unaitwa CDLIS, na unaendeshwa na chama cha wakuu wa ofisi za leseni za majimbo, chama kilichokuwapo tangu 1933. Ulianza kazi mwaka 1989. Fikiria ni mwaka gani huo: wavuti hata haijazaliwa, majimbo yanatumia kompyuta kubwa za ukubwa wa kabati, na hakuna jimbo linalotaka kukabidhi mafaili yake kwa serikali kuu. Ungewapa kazi hiyo washauri wengi, wangeleta pendekezo la hifadhidata moja kubwa ya taifa, na mradi ungekufa kwa siasa kabla ya kuandikwa mstari wa kwanza.

Wao walichukua lile wazo la kielekezi. Katikati kuna rekodi nyembamba sana: jina la dereva, majina mengine aliyowahi kutumia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hifadhi ya jamii, namba ya leseni, na jimbo linalomtunza. Basi. Historia yote ya makosa, kufungiwa na mitihani inabaki kwenye kompyuta za jimbo hilo. Binamu yangu alipoomba leseni Minnesota, ombi lilikwenda kwanza katikati kuuliza, "Kuna mtu kama huyu tayari?" Kama yupo kwingine, Minnesota haiwezi kumfungulia rekodi ya pili. Dereva akihama jimbo, jimbo jipya linatuma ujumbe kwamba sasa yeye ni wangu, kielekezi kinageuzwa, na jimbo la zamani linatuma historia yake yote. Hakuna wakati ambapo dereva ana wenyewe wawili. Akikosea Arizona, Arizona inapeleka taarifa kwa jimbo linalomtunza, nalo ndilo linaloandika na kuadhibu.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba kadi anayobeba dereva mfukoni si leseni. Leseni ni ule mstari ulio kwenye kompyuta. Kadi ni nakala tu, na nakala inaweza kupitwa na wakati.

Upande wa mtihani sitakaa sana, maana mwongozo wa kila jimbo unapatikana mtandaoni bure. Kuna madaraja matatu: A ni la lori na trela ambazo uzito wake kwa pamoja ni pauni 26,001 au zaidi (kilo 11,794), trela yenyewe ikizidi pauni 10,000, B ni la gari zito lisilo na trela kubwa, C ni la magari madogo zaidi yanayobeba abiria 16 au zaidi pamoja na dereva, au mizigo ya hatari. Kisha kuna herufi za nyongeza, kama N ya matangi, H ya mizigo ya hatari na P ya abiria. Unaanza na mtihani wa maandishi wa maswali yasiyopungua 30, na lazima upate asilimia 80. Unapewa kibali cha kujifunza, unakaa nacho siku 14 angalau, ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani wa vitendo: kukagua gari, kulirudisha nyuma na kulipanga, kisha barabarani.

Ila acha niseme neno kuhusu breki za upepo, kwa sababu ndizo zilizomtesa binamu yangu, na ni somo kwa sisi wa kompyuta. Wengi hudhani upepo ndio unaobana breki, kwa hiyo upepo ukiisha lori halina breki. Kwa breki za kuegesha na za dharura mambo ni kinyume. Kuna springi yenye nguvu ambayo kila wakati inataka kubana gurudumu, na kazi ya upepo ni kuizuia isibane. Paipu ikipasuka, king'ora kinalia kwanza kumwonya dereva. Upepo ukizidi kushuka, springi inashinda na magurudumu yanabanwa yenyewe. Hitilafu inaangukia upande wa kusimama. Mtahiniwa lazima aonyeshe kila hatua: azime injini, ashushe upepo kidogo kidogo, aoneshe king'ora kinalia wakati gani na kitufe cha breki kinaruka wakati gani. Akikosa sehemu hiyo, mtihani umeisha hapo hapo. Ni programu ngapi tunazoandika ambazo zikikosa mawasiliano na seva huamua kukubali badala ya kukataa?

Haya. Mfumo ulikuwa tayari, muda wa 1992 ukapita, leseni za mfukoni tele zikaisha. Je, barabara zikawa salama? Tarehe 8 Novemba 1994, karibu na Milwaukee, kipande cha chuma kilikuwa kinaning'inia nyuma ya lori. Madereva wengine walikiona, wakajaribu kumwonya dereva kwa redio, lakini hakuelewa Kiingereza. Kipande kikaanguka barabarani, gari la familia ya Willis kutoka Chicago likakikanyaga, tangi la mafuta likatoboka na moto ukawaka. Wazazi walinusurika wakiwa wameungua. Watoto wao sita walikufa.

Dereva yule alikuwa na leseni halali ya Illinois, iliyoingizwa vizuri kwenye kompyuta. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilipatikana kwa hongo. Sisi Wakenya tunajua maana ya kitu kidogo, lakini hapa mnyororo ulikuwa mrefu: wafanyakazi wa ofisi za leseni walikuwa wakiuza leseni za malori, na sehemu ya fedha ikaingia kwenye mfuko wa kampeni wa mkubwa wao, George Ryan, aliyekuwa waziri wa jimbo anayesimamia leseni. Ryan alichaguliwa gavana na kutawala 1999 hadi 2003. Waendesha mashtaka wa serikali kuu hawakuliacha jambo hilo. Watu zaidi ya 70 walitiwa hatiani, na mwezi wa Aprili 2006 Ryan mwenyewe akapatikana na hatia. Alihukumiwa miaka sita na nusu jela.

Kielekezi kilifanya kazi yake kikamilifu katika kisa hicho. Jimbo lolote lingeuliza lingejibiwa kwa usahihi: ndiyo, huyu ni dereva wa Illinois, amefaulu. Jibu lilikuwa sahihi kwa mujibu wa hifadhidata, na la uongo kwa mujibu wa dunia. Hakuna kanuni ya usimbaji fiche inayoweza kumzuia mtahini asiandike "amefaulu".

Kisa cha pili ni cha juzi tu, na mimi naona kinatuhusu zaidi. Tarehe 21 Juni 2019, mjini Randolph katika jimbo la New Hampshire, gari kubwa lililokuwa likivuta trela liligongana na msafara wa pikipiki za wanajeshi wa zamani na marafiki zao. Watu saba walikufa. Dereva alikuwa na leseni ya biashara ya Massachusetts. Wiki chache kabla yake, mwezi wa Mei, alikuwa amekamatwa Connecticut kwa tuhuma za kuendesha akiwa amelewa na akakataa kupimwa. Connecticut ilituma taarifa. Ilifika Massachusetts kwa mtandao, lakini kompyuta haikuweza kuishughulikia yenyewe, ikaiweka kwenye foleni isubiri binadamu aiangalie. Hakuna aliyeiangalia. Leseni ikabaki safi.

Walipochimba zaidi wakakuta mambo ya kutisha. Taarifa nyingine za makosa kutoka majimbo mengine zilikuwa zikifika kwa posta, na kwa zaidi ya mwaka hakuna aliyezifungua. Zilipangwa ndani ya masanduku kwenye makao makuu ya ofisi ya leseni mjini Quincy. Mkuu wa ofisi alijiuzulu siku chache baada ya ajali, na mamia ya madereva wakafungiwa leseni ghafla, kwa makosa yaliyokuwa yamelala kwenye karatasi. Haki itendeke pia kwa dereva: mwaka 2022 jopo la raia mahakamani lilimwondolea hatia ya vifo vile. Lakini hilo ni swali la nani alisababisha mgongano. Swali la kwa nini alikuwa bado na leseni siku ile lina jibu lake, nalo liko kwenye ile foleni.

Kila aliyewahi kuendesha mfumo mkubwa anaifahamu foleni hiyo. Ujumbe ambao programu haikuuelewa hutupwa pembeni, tunaahidi kuupitia Ijumaa, na skrini kuu inaendelea kuonyesha kijani. Mimi nimewahi kufanya kazi mahali ambapo foleni ya namna hiyo ilikuwa na maelfu ya ujumbe na hakuna mtu aliyekuwa na jukumu la kuifungua kwa jina lake. Kwetu zilikuwa ankara tu.

Najua kuna mtakaouliza, na sisi je? Kenya ilitoka kwenye kile kijitabu chekundu tulichokizoea hadi kadi yenye chipu, iliyoanza kutolewa mwaka 2017 chini ya NTSA, na madaraja nayo yakapangwa upya, CE likiwa la lori zito lenye trela. Ni hatua kubwa, na siungi mkono wanaoibeza. Ila tulishangilia zaidi chipu, na chipu iko upande wa kadi. Fikiria lori linalotoka bandari ya Mombasa, linavuka Malaba, linapita Kampala, linashusha mzigo Kigali. Dereva mmoja, serikali tatu, pengine nne akiendelea hadi Bujumbura. Akifanya kosa la hatari kule Mbarara, ni nani anayetakiwa kuliandika, na kwenye rekodi ya nani? Hilo ndilo swali la Marekani ya 1985, na jibu lake halihitaji seva kubwa ya Afrika Mashariki ambayo kila nchi itaigombania. Rekodi nyembamba ya sehemu sita au saba ingetosha, kila nchi ikibaki na mafaili yake. Kazi ngumu ingekuwa kukubaliana nani anafungua taarifa ikifika, na ndani ya siku ngapi.

Wamarekani nao bado wanaziba mianya. Tarehe 6 Januari 2020 walifungua sajili ya madereva walioshindwa vipimo vya dawa za kulevya na pombe, kwa sababu dereva aliyefukuzwa kampuni moja alikuwa akienda kuajiriwa na nyingine bila kusema. Kuanzia tarehe 7 Februari 2022 anayetafuta leseni ya kwanza ya daraja A au B lazima apitie shule au mkufunzi aliyesajiliwa na serikali kuu, na shule hiyo hupeleka taarifa ya kumaliza kwa mtandao, si cheti cha kubeba mkononi. Binamu yangu alipita njia hiyo. Na tarehe 23 Juni 2025 ilikuwa zamu ya cheti cha daktari: badala ya dereva kupeleka karatasi kwenye ofisi ya leseni, daktari alitakiwa aingize matokeo kwenye mfumo, nayo yaende moja kwa moja hadi kwenye rekodi ya dereva. Siku hiyo ilipofika majimbo kadhaa hayakuwa yamemaliza kuunganisha kompyuta zao, na serikali ikalazimika kuruhusu madereva waendelee kwa muda kutembea na karatasi.